Sura ya Sita: Noti Ndogondogo

Sisi wa Mara bakshishi tumeijulia upande wa kupokea. Ukitoka Kigera, hapa Manispaa ya Musoma, ukashika barabara kuu ya Mwanza na kuipita Bunda, unafika lango la Ndabaka, ambako magari ya watalii huingia na kutoka Serengeti kwa upande wa magharibi. Vijana wetu ndio wanaofua mashuka katika hoteli za njia hiyo, wanaobeba mabegi, wanaopika, wanaoendesha. Kaa na mmoja wao jioni umuulize habari za bakshishi. Atakupa elimu ambayo vitabu vya watalii havina: nani hutoa bila kuombwa, nani husahau kwa makusudi, na hela ya aina gani ukipewa inakuachia usumbufu kuliko faida.

Noti ya dola moja, kwa mfano. Mgeni anaitoa kwa tabasamu, mhudumu anaipokea kwa mikono miwili, na hapo ndipo inapoanza kazi ya kuigeuza iwe unga. Duka la mtaani haliitaki. Benki na maduka ya kubadilishia fedha hupenda noti za mia na za hamsini. Ndogo hununuliwa kwa bei ya chini au hukataliwa, na kama imechanika pembeni au imeandikwa kwa kalamu, basi habari yake imekwisha. Kwa hiyo dola moja hulala kwenye pochi mpaka wafike wenzake kumi au ishirini, kisha anatafutwa dereva anayerudi Arusha, naye anazichukua kwa bei anayoitaka yeye. Sarafu za euro ni balaa zaidi. Benki zetu hazibadilishi sarafu za kigeni, hivyo mtalii aliyemimina mezani sarafu zake za mwisho akidhani amefanya ukarimu amemwachia mhudumu vyuma vya watoto kuchezea.

Tangu tarehe 28 Machi 2025, kanuni za serikali zimekataza bei za bidhaa na huduma hapa nchini kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, ukiacha mambo machache yaliyoruhusiwa. Mgeni abadilishe hela zake kwanza, kisha alipe shilingi. Wenye mahoteli wapo walionuna. Mhudumu hana sababu ya kununa, maana shilingi elfu tano ikishaingia mkononi mwake ni elfu tano, haimsubiri dereva wa Arusha.

Nimeanza na haya kwa sababu siku hizi sisi nasi ni wageni wa watu. Mtu wa Kigera anakwenda Kisumu kwa matibabu, Nairobi kufuata mzigo, Muscat kwa mkataba wa kazi, Makka kuhiji, Minnesota kumwona mjukuu. Tukifika huko, wengi wetu tunarudia makosa yaleyale ya mtalii wa Ndabaka. Unamkuta mtu mzima na heshima zake anamwachia mhudumu wa Nairobi noti ya elfu kumi ya Tanzania, akiamini amemkomboa, kumbe amempa kazi ya kutafuta msafiri wa Namanga. Kabla hujatoa chochote ugenini jiulize mambo mawili: hela hii ataitumiaje leo jioni, na mshahara wake unalipwa na nani? Ukiyajibu hayo, mengine yote ni hesabu.

Tuanzie Sirari, maana ndiko wengi wa kwetu huanzia. Basi linatoka Bweri, linapita Makutano, linavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, linapanda Tarime, na hatimaye unashuka Sirari. Ng'ambo ni Isebania, kaunti ya Migori. Kabla hujashusha begi, vijana wenye mabunda ya noti mkononi na kalkuleta wamekwisha kukuzunguka. "Mzee, shilingi? Kenya? Njoo nikupe bei nzuri."

Wazee wetu hawakuyajua haya. Tangu mwanzo wa miaka ya 1920 mpaka baada ya uhuru, Tanganyika, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Mtu alipanda meli Musoma akashuka Kisumu na hela zilezile, akanunua alichonunua, akarudi. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi Juni 1966 na ndipo kila nchi ikashika shilingi yake, ingawa kwa miaka kadhaa zilibadilishana moja kwa moja. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa hadi 1983, na shilingi zikaenda kila moja njia yake. Novemba 2013 wakuu wa nchi za Jumuiya iliyofufuliwa walitia saini jijini Kampala itifaki ya kuwa na sarafu moja tena ifikapo 2024. Mwaka huo umekuja na kupita, tarehe imesogezwa mbele, na vijana wa Sirari bado wana kazi.

Sina chuki nao. Lakini biashara ya kubadilisha fedha inahitaji leseni ya Benki Kuu, na yule aliyesimama juani na bunda mkononi hana. Akikupa noti bandia huna pa kumshitaki. Ukilazimika kubadilisha kwake, badilisha nauli na chakula cha siku moja tu, mzigo mkubwa upeleke benki. Ujue bei kabla hujashuka kwenye basi. Kwa miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikicheza kwenye ishirini za kwetu, mara chini, mara juu, kwa hiyo anayekutajia kumi na tano anakupima akili.

Ujanja wao ni wa zamani na bado unafanya kazi. Noti moja hukunjwa katikati ndani ya bunda ili ihesabiwe mara mbili. Kalkuleta hubonyezwa kwa haraka, wewe unaona jibu, huoni kilichozidishwa. Wa hatari zaidi ni huu: umekwisha kuhesabu hela zako, ziko sawasawa, kisha yeye anasema, "Hebu lete nihakikishe," anazihesabu mbele ya macho yako, anakurudishia, na mwenzake anapiga kelele kwamba askari anakuja. Kila mtu anatawanyika. Ukifika Migori ukihesabu, zimepungua elfu mbili. Dawa yake ni kupokea kwanza, kuhesabu noti moja moja ukizifungua, kuzitia mfukoni, ndipo utoe za kwako. Zikishaingia mfukoni hazitoki tena, hata aape kwa mama yake.

Sasa ziangalie hizo noti ulizopewa, maana hapo ndipo mtu wa Musoma anapojikwaa. Macho yetu yamezoea masifuri. Elfu moja kwetu ni ile ya buluu yenye picha ya Mwalimu Nyerere, buku, hela ya maji na karanga. Elfu moja ya Kenya ni ya kahawia na ni kama elfu ishirini za kwetu, yaani Msimbazi wawili, noti mbili za elfu kumi. Nimeona watu wakimpa mbeba mizigo "buku" la Kenya kwa mkono mwepesi kabisa, kisha wakashangaa kwa nini ameruka. Noti yako ya bakshishi Kenya ni ile ya zambarau, ya mia, wanayoiita soo, ambayo ni kama elfu mbili zetu, pamoja na ile nyekundu ya hamsini. Ya mia mbili ni ya buluu. Usiichanganye na buku la nyumbani. Usitafute sura ya rais juu yake. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye fedha, na noti mpya zilizotoka 2019 zote zimebeba jengo la mikutano la KICC la Nairobi.

Mkenya anayekuja kwetu anaanguka upande wa pili. Anaona buku, anaona masifuri matatu, anamwachia mhudumu wa Musoma kwa mbwembwe. Ametoa shilingi hamsini zake.

Ukishapata noti ndogondogo, zitenge. Kosa ninaloliona kila stendi ni mtu kutoa bunda lote mfukoni ili achomoe mia ya kumpa kijana aliyeshusha begi, huku stendi nzima ikihesabu naye. Hela kubwa ikae ndani, karibu na mwili, na igawanywe sehemu mbili au tatu ili moja ikipotea usilale njaa. Bibi zetu waliofunga noti kwenye pindo la khanga walilijua hili kabla ya mikoba ya zipu. Mfuko wa nje ubaki na noti tano au sita ndogo, zile ambazo hata zikichopolewa hutalia. Halafu kuna jambo la adabu: bakshishi haina chenji. Huwezi kumpa mtu mia tano ukamwambia akurudishie mia nne. Aliyekosa noti ndogo ama atatoa nyingi kwa uchungu, ama hatatoa kabisa na kuondoka akiangalia chini.

Simu imerahisisha mengi. Kenya ilianza M-Pesa mwaka 2007, sisi tukafuata mwaka uliofuata, na tangu 2015 hela inavuka mpaka kutoka laini ya Tanzania kwenda ya Kenya. Lakini ukilipia chakula Nairobi kwa namba ya biashara iliyobandikwa mezani, ukaongeza mia juu ukisema ni ya mhudumu, hiyo mia imekwenda kwa tajiri. Huenda akamfikishia, huenda asimfikishie. Ya mhudumu mpe mkononi, au umwombe namba yake mwenyewe. Na ukitumia kadi kwenye mashine nchi yoyote, ukiulizwa kama utozwe kwa shilingi za Tanzania au kwa fedha ya nchi uliyopo, chagua fedha ya nchi uliyopo. Ukichagua za kwetu, mwenye mashine ndiye anayejipangia bei ya kubadilisha, na hajawahi kukuonea huruma.

Kiasi gani, basi? Katika kibanda cha Isebania unapokula ugali na samaki, hakuna anayesubiri chochote zaidi ya bei. Ukisema "chenji kaa nayo" utaagwa vizuri, ukiichukua pia utaagwa vizuri. Hoteli ya Nairobi yenye vitambaa mezani ina desturi yake, asilimia kumi au karibu na hapo. Soma bili kwanza. Utakuta kodi ya ongezeko la thamani asilimia 16, na pengine tozo ya utalii asilimia 2, na watu wa kwetu wakiona asilimia hizo wanasema wamekwisha kutoa. Hizo ni za serikali. Kinachokuondolea wajibu ni mstari unaosema gharama ya huduma, kama upo. Mbeba begi hamsini au mia. Bodaboda mnapatana kabla hujapanda, mkishapatana imekwisha, labda kama amekusubiri mvua ikinyesha.

Namna ya kutoa ina uzito kuliko kiasi. Kijana wa Ndabaka atakuambia kwamba elfu mbili aliyopewa kwa mkono wa kulia, akaangaliwa usoni na kuitwa kwa jina, anaikumbuka, na elfu kumi iliyotupwa kwenye sinia bila neno anaitumia tu. Mbeba mizigo mwenye mvi ni mzee wako hata kama uko Kisii. Usimpungie noti hewani kama unaita kuku. Ikunje, mpe mkono wa kwaheri ikiwa ndani, sema, "Asante mzee, ya soda." Mama anayefagia wodi aliyokulazia mgonjwa: "Mama, pokea hii ya maji." Maneno haya yanampa nafasi ya kupokea bila kuonekana ameomba, na anayepokea kwa heshima hukupa baraka zake ukiondoka.

Nyumbani kwa ndugu ni habari nyingine, na hapa ndipo sheria za vitabu vya kigeni hazina msaada. Wakurya wako pande zote mbili za mpaka, Wajaluo vivyo hivyo kutoka Rorya mpaka Migori na kuendelea, na familia nyingi za Mara zina shangazi ng'ambo. Umelala kwa shangazi siku nne. Ukimwekea noti mezani asubuhi ya kuondoka, umemfanya mwenye gesti, na habari itafika Musoma kabla yako. Ulitakiwa kuja na sukari, sabuni, samaki mkavu wa ziwani, kitenge kama safari ni ya heshima. Watoto wape za pipi mbele ya kila mtu. Shangazi mwenyewe, ukitaka kumpa hela, umvizie jikoni siku ya mwisho: "Shangazi, hii ya sukari." Atakataa mara ya kwanza. Mara ya pili ataipokea.

Lakini kuna mtu mmoja katika nyumba hiyo ambaye wageni wote humsahau: dada wa kazi. Ndiye aliyeamka alfajiri kukuchemshia maji ya kuoga, ndiye aliyefua shuka ulilolalia, na mshahara wake, hapa kama kule, mara nyingi ni mdogo kuliko nauli uliyojia. Mpe. Na ukimpa, mwenye nyumba ajue. Mpe mbele ya shangazi, au mwambie shangazi waziwazi, "Shangazi, nimemwachia dada kitu kidogo." Sababu si ya adabu tu. Wiki ijayo msichana akikutwa na noti mpya ya mia tano chini ya godoro, na wewe umeshaondoka, neno la kwanza litakalotajwa ni wizi. Hela yako ya shukrani itakuwa imemfukuzisha kazi.

Tukirudi mpakani: dirisha la uhamiaji. Muhuri wa pasipoti hauna bakshishi. Malipo yoyote halali ya serikali yana risiti, na kwa upande wetu yana kumbukumbu namba ya malipo. Ofisa anayeishika pasipoti yako na kuangalia dari huku akilalamikia joto la Sirari anajua anachosubiri, nawe unajua. Usimpe. Sheria yetu ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 inamwangukia mtoaji na mpokeaji kwa pamoja, na namba ya TAKUKURU ni 113, bure. Nchi yetu yenyewe iliwahi kubabaika hapa: sheria ya uchaguzi ilibadilishwa mwaka 2000 ikaruhusu wagombea kutoa takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006 kwa kuona kwamba huwezi kutenganisha ukarimu wa mgombea na ununuzi wa kura. Kwa msafiri kipimo ni chepesi. Mtu anayeweza kukunyima haki yako hapewi ya soda. Mhudumu aliyekwisha kuleta chakula hana cha kukunyima. Ofisa mwenye pasipoti yako mkononi anacho.

Huko mbali, swali la mshahara unalipwa na nani ndilo linalotawala kila kitu, na majibu yanatofautiana kupita kiasi.

Marekani ndiyo inayowachanganya wengi. Ndugu yako anakupeleka mkahawani, chakula ni dola arobaini, kisha unaona anaongeza nane juu na wala hakusifu chakula. Unadhani anajionyesha. Ukweli ni kwamba sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri amlipe mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, kwa matarajio kwamba wateja watajazia. Wewe ndiye mwajiri wa pili. Asilimia 15 mpaka 20 kule ni sehemu ya bei iliyofichwa nje ya bei, na kuondoka bila kuitoa ni sawa na kumdhulumu mtu kibarua chake. Yapo majimbo, kama California na Minnesota, yanayomlazimisha mwajiri alipe kima cha chini chote bila kuhesabu bakshishi. Desturi ya kutoa imebaki palepale. Binafsi nauona ni mfumo mbovu, wa tajiri kukodisha ukarimu wa wateja wake. Lakini mgeni hasahihishi mfumo kwa kumkata mhudumu. Mashine za kadi zinazogeuzwa kukutazama zikidai asilimia ishirini kwa sababu umekabidhiwa chupa ya maji kaunta, hizo unaweza kubonyeza sifuri bila dhambi.

Uingereza mikahawa mingi ya London huweka yenyewe asilimia 12.5 kwenye bili, nawe una haki ya kuomba iondolewe kama huduma ilikuwa mbaya. Kwa muda mrefu wahudumu walilalamika kwamba matajiri walikuwa wakiila hela hiyo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi yote bila kukata. Ufaransa bei unayoiona imekwisha kubeba huduma ndani yake, kwa hiyo sarafu mbili tatu unazoacha ni hiari tupu. Japani usitoe. Mhudumu atakukimbiza barabarani akurudishie hela uliyosahau mezani, na ukimlazimisha atafadhaika.

Ghuba inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa watu wetu wengi wako kule. Masifuri kule yanakugeukia upande wa pili. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola, na tangu 1986 kiwango ni kilekile, riali moja kwa dola 2.60 hivi, maana yake riali moja ni zaidi ya shilingi elfu sita zetu. Inagawanywa baisa elfu moja. Mtu aliyezoea kwamba noti iliyoandikwa tano haina maana, akampa dereva wa Muscat riali tano kama asante, ametoa zaidi ya elfu thelathini. Nusu riali, yaani baisa mia tano, inatosha kwa aliyekubebea mabegi mawili. Oman hakuna anayekudai. Dubai hoteli nyingi huandika asilimia kumi ya huduma ndani ya bili. Wanaostahili bakshishi kweli huko ni wale usiowaona: Mganda anayesukuma vigari vya uwanja wa ndege, Mkenya anayelinda mlango wa jengo, Mbangladeshi anayefuta vioo. Ukizungumza Kiswahili na mlinzi wa mlangoni mara nyingi atakujibu. Hapo dirham tano zenye salamu za nyumbani zinapokewa vizuri kuliko hamsini za tajiri asiyesalimia.

Kama umebeba fedha nyingi, mfano hela za mzigo, jua kwamba Tanzania na Kenya zote zinataka utamke forodhani kila kiasi kinachofika au kuzidi dola 10,000. Marekani ni kinachozidi dola 10,000, na nchi za Umoja wa Ulaya ni euro 10,000. Kutamka hakukati kitu. Kutotamka ndiko kunakofanya hela zishikiliwe na wewe ukose ndege. Na dola utakazobeba ziwe mpya, safi, hazijakunjwa. Serikali ya Marekani inazitambua noti zake zote za zamani, ila maduka ya fedha ya Afrika Mashariki yana sheria zao: yenye kichwa kidogo, iliyochapwa kabla ya 1996, itarudishwa, na wengi wanakataa hata za kabla ya 2006 au 2009.

Ukirudi, maliza sarafu za Kenya Isebania kabla hujavuka, kwa maji, kwa mkate, kwa chochote, maana vijana wa Sirari wananunua noti tu. Noti kubwa zibadilishe mapema. Usizihifadhi kabatini ukisubiri bei ipande. Juni 2019 Kenya ilitangaza kwamba noti ya zamani ya elfu moja ingekufa tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, na wapo watu wa Mara waliozikuta kwenye makoti ya marehemu baba zao miezi baadaye. Sisi wenyewe noti za zamani, zile zilizotolewa kati ya 1985 na 2003 pamoja na ya karatasi ya mia tano ya 2010, ziliacha kuwa fedha halali tarehe 6 Aprili 2025, baada ya miezi mitatu ya kuzirudisha benki. Ila soo tatu nne na hamsini mbili usizibadilishe. Zitie kwenye bahasha, andika juu "Kenya", weka droo ya sebuleni. Kuna mtu wa nyumba yako atakayepanda basi la Bweri mwezi huu au ujao, na atakaposhushiwa begi Migori, kabla hajaona benki wala wakala, kijana aliyelishusha atakuwa amesimama mbele yake.